Farasi wa Kuwekesha

Tbilisi, Georgia
17 Februari 2024

Kwa Baba mpendwa,

Shikamoo Baba. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na Mama, na kwamba kile kikohozi chake kimepoa. Mimi mwilini sijambo. Huku ni baridi mpaka masikio yanauma, lakini nina nguo za kutosha, Mama asihangaike.

Najua ningepiga simu. Ila wewe ulishaniambia kwamba mtu akishika simu husema kabla hajafikiri, basi naandika, na Felista wa stesheneri ataichapa akuletee, kama kawaida yetu.

Baba, nimefungwa. Unakumbuka nilivyokueleza: mwaka huu sisi wanawake wenye cheo cha bingwa mkuu wa sataranji tumepangiwa mashindano matatu, na tumealikwa kumi tu kutoka dunia nzima. Atakayekuwa na pointi nyingi kuliko wenzake mwishoni ndiye atakayekaa meza moja na bingwa wa dunia kugombea taji. Ni mmoja tu. Tangu Mwalimu Anastasia aliponionyesha ubao wa sataranji pale shuleni Kilimatinde, hicho ndicho kiti ninachokitaka, na umri wangu unakwenda. Wasichana wanaokuja nyuma yetu wana miaka kumi na sita na hawachoki.

Aliyenifunga anaitwa Oyuna, wa Mongolia. Ni mama mfupi, nywele zimeanza mvi, anakuja ukumbini na chupa ya chai ya maziwa aliyoitia chumvi. Ndiyo, chumvi. Hatazami mtu. Akikaa, hata wachezaji wengine wanaacha meza zao na kuja kusimama nyuma yetu kimya, na hawa ni watu ambao hawamshangai mtu yeyote.

Katikati ya mchezo nilikuwa najiona niko vizuri. Akachukua farasi wake akamweka mbele ya askari wangu, bure kabisa. Nikatafuta mtego sikuuona, nikamla. Kuanzia hapo, Baba, ni kama mtu aliyefungua mlango wa nyumba yangu kwa ufunguo wangu mwenyewe. Malkia wake akaingia, ngome zikaingia, na kila nilipotaka kumkimbizia mfalme wangu palikuwa pameshakaliwa. Nilikuwa nakufa huku nikisema moyoni, jamani, hiki kitu ni kizuri.

Nisalimie Mama sana. Msalimie na mtani wako Mzee Urbano, ingawa najua atacheka.

Ni mimi mwanao,
Dorkas


Itigi
5 Machi 2024

Mwanangu Dorkas,

Marahaba. Na kwa Kigogo chetu, mbukwa, binti yangu. Sisi hapa ni wazima. Mama yako kikohozi kimemwachia, sasa anagombana na mbuzi wa jirani, kwa hiyo ujue amepona. Mvua imenyesha ya kutosha na uwele umesimama. Amekukaushia mlenda, atampa mtu wa kwanza anayekwenda Dar.

Umesema Urbano atacheka. Hakucheka tu. Felista alipomaliza kunisomea barua yako pale stesheni, Urbano aliinuka kwenye benchi, akaenda moja kwa moja hadi nyumbani kwangu, akamkamata jogoo mwekundu. Mama yako akamuuliza kulikoni. Akajibu kwamba Mgogo akifungwa, Mnyamwezi anakula, ndivyo babu zetu walivyokubaliana. Utamfanya nini mtani? Tulimchinja tukala wote, na yeye ndiye aliyelamba sahani. Lakini usiku wa habari yako hakusema neno lolote la mzaha kwangu, akakaa tu karibu yangu. Nimeona nikuambie na hilo.

Sasa nisikilize. Mimi sataranji siijui, najua farasi anaruka na malkia ana fujo. Lakini wewe nakujua. Ulianza kusukuma vizibo vya soda kwenye ubao wetu wa drafti kabla hujajua kusoma, umekaa mapajani mwangu, treni ya abiria ikipita hata hugeuki. Na drafti ina sheria moja: ukikuta cha kula, unakula, upende usipende. Ukikiacha, kete yako inaondolewa na watu wanakuzomea. Mimi na Urbano ndivyo tunavyouana kila siku. Unamlisha mwenzako kete moja, akishaimeza unamla tatu.

Huyo mama ameiona drafti ndani ya mkono wako. Kaona kwamba huyu mtoto hajui kukataa sahani.

Na jambo la pili. Uliwahi kuniambia Wamongolia ni wafugaji, wanahama na wanyama wao na kulala kwenye mahema. Basi ni watu kama sisi. Mfugaji, Dorkas, hampi mtu mnyama wake bure. Akikuletea farasi mpaka mlangoni, muulize kwanza ana shida gani.

Ushauri wangu ni mmoja. Akikupa tena, usile.

Mama yako anakusalimu. Anauliza hiyo chai ya chumvi wanainywea nini.

Baba yako,
Mazengo


Samarkand, Uzbekistan
23 Mei 2024

Baba,

Shikamoo. Hamjambo nyumbani? Mimi nipo.

Nimefungwa tena na Oyuna. Wengine nimewashinda karibu wote, ndiyo maana bado niko nyuma yake kwa pointi kidogo tu, lakini yeye sijui nimfanyeje.

Nakueleza jinsi ilivyokuwa. Akamleta farasi, Baba. Rangi nyingine, kona nyingine ya ubao, lakini ni farasi yuleyule wa bure. Nikayakumbuka maneno yako neno kwa neno. Nikasema leo sili. Nikamsogeza mfalme wangu pembeni nikamwacha farasi amesimama pale.

Oyuna akanywa chai yake. Kisha farasi akaingia ndani ya kambi yangu akaivunja.

Mchezo ulipokwisha tukaupitia kwenye kompyuta. Nyuma ya yule farasi hapakuwa na mtego. Hapakuwa na kitu. Alikuwa wa bure kweli, ningemla ningeshinda, na sasa hivi mimi ndiye ningekuwa mbele yake kwa pointi. Nikamuuliza Oyuna kwa Kirusi changu kibovu kama alijua. Akasema alijua. Aliona tangu siku ya kwanza ya mashindano kwamba nimebadilika, nimeanza kukataa hata vidogo, akafikiri huyu mtu sasa anaogopa chakula. Alisema bila majivuno, kama mtu anayekuelekeza njia.

Nimekaa kwenye kitanda cha hoteli naogopa, Baba. Si kumwogopa yeye hasa. Naogopa kuona kwamba mtu anaweza kuona mbali kiasi hicho ndani ya mtu mwingine, kwenye ubao wa mbao, na kuweka kila alichonacho juu ya kile alichokiona. Angekosea kidogo angekwisha. Sijui kama mimi ninaweza.

Naomba jambo moja, na naliomba kwa heshima. Usinitumie ushauri tena. Sina hasira na wewe. Lakini nikikaa pale mezani nakusikia wewe, namsikia Mzee Urbano, nasikia benchi zima la stesheni. Nataka niwe peke yangu.

Yamebaki mashindano ya mwisho, Budapest, mwezi wa kumi.

Mwanao,
Dorkas


Itigi
30 Juni 2024

Mwanangu Dorkas,

Marahaba, mama. Sisi hatujambo. Upepo wa kiangazi umeanza, vumbi linaingia mpaka kwenye chumvi. Alizeti tumeshavuna. Asali mwaka huu imekuwa nzuri kule kichakani, tumepata nyeusi na nyepesi, nimekuwekea ndoo.

Barua yako niliisoma mwenyewe, Felista sikumpa anisomee. Iliniuma, siwezi kukuficha. Lakini asiyekubali kushindwa si mshindani, na mimi nimeshindwa kwa haki. Nilikupa ushauri wa mchezo nisioujua. Kwa hiyo ushauri hakuna tena. Nakuandikia habari za nyumbani tu.

Jogoo wa pili alikwenda, yule wa madoa. Urbano hakuja kumchukua safari hii, nilimpelekea.

Habari kubwa ni ya ng'ombe. Unamkumbuka Mabaka? Yule ambaye Urbano alimwekesha kwetu, tumtunze huku tukinywa maziwa yake, mwaka ulipoingia kidato cha kwanza, kwa sababu yeye anakaa kwenye nyumba ya reli na hana pa kulishia. Wewe umekunywa maziwa yake likizo zote. Mabaka mwenyewe ameshazeeka, lakini amezaa, na mitamba wake wawili wamekuwa wa kupendeza hasa. Watu wanaopita na mifugo wanasimama kuwatazama. Wengine walishasahau kwamba si wangu, na kusema kweli mdomo wangu ulikuwa mzito kuwasahihisha.

Sasa Calist, mwanawe Urbano, amepata mchumba kule Kilimatinde, na wakwe wanataka ng'ombe. Urbano hakusema kitu. Anakuja, tunacheza drafti, anaondoka. Ana aibu kunidai, na sisi tumezoeana kwa mizaha, lakini hili si la mzaha. Mama yako akasema tunyamaze, mpaka aseme mwenyewe, kwani kila mwezi unaopita ni maziwa.

Mimi nikaona hapana. Ng'ombe wa kuwekesha unamnywa maziwa, unampa jina, unajivunia. Lakini kuna siku ya kumrudisha, na siku hiyo unaichagua wewe. Ukingoja mpaka mwenyewe aje kumdai, umeshakuwa mwizi na boma lako linaingiliwa na wazee wa usuluhishi. Ukimrudisha wewe kabla hajafungua mdomo, yeye ndiye anayebaki na deni la maneno, na maziwa yale hakuna wa kuyatapisha.

Basi nikaamka asubuhi nikawaswaga wote watatu, nikapita nao katikati ya mji watu wakiniona, mpaka kwa Urbano. Nilikuwa na uchungu njia nzima. Lakini nilipofika na kuona uso wake, nikajua nimemshinda mchezo ambao hakujua tunaucheza. Alishika kamba akakosa la kusema, na Urbano kukosa la kusema ni jambo la kuandikwa.

Ndama wa ahsante, anayepewa mlinzi kwa desturi, hajanipa. Nilipomgusia alisema wale jogoo wawili aliokula ndio ahsante yenyewe. Mama yako hajamsamehe.

Ndizo habari. Sina jingine.

Baba yako,
Mazengo


Itigi
18 Agosti 2024

Dorkas mwanangu,

Hujambo? Sisi wazima.

Sijapata jibu. Felista ameniambia ile picha ya barua aliyokutumia kwa simu uliiona, kuna alama mbili za bluu. Alama hizo hazinisaidii kitu.

Kama nilikukosea kwa yale ya Samarkand, au kama habari za ng'ombe zimekuchosha, niambie. Mama yako hali vizuri kwa sababu yako. Hata neno moja linatosha.

Baba yako


Budapest, Hungaria
12 Oktoba 2024, asubuhi

Baba yangu,

Shikamoo. Shikamoo na kwa Mama, naye nampigia magoti, ale chakula. Mimi mzima wa afya, na naomba radhi kwa kimya changu. Sikukasirika. Nilikuwa nafanya kazi juu ya barua yako, na nilijua nikikujibu nitaanza kuieleza, na nikianza kuieleza itapotea.

Ulisema hutanipa ushauri, ukaniletea habari za Mabaka. Niliisoma kwenye basi nikapitiliza kituo changu.

Baba, mimi maisha yangu yote nimejua mambo mawili tu: kula na kuacha. Nikila, ninang'ang'ania nilichokula mpaka kinaniua, kwa sababu kwenye drafti kete uliyoila imekwisha, haiwezi kurudi. Nikiacha, ninakufa njaa. Kumbe kuna jambo la tatu, nami nimelinywea maziwa likizo zote pasipo kuliona. Nimechukua michezo yote ambayo Oyuna aliwahi kumpa mtu farasi, si yangu tu, ya wote aliowafunga, nikaicheza upya chumbani. Kila mtu alimla akamficha. Nikajaribu kumla, kukaa naye kidogo, halafu kumrudisha, kwa kutoa kete yangu ya thamani yake, kabla hajadaiwa, siku niliyoichagua mimi. Baba, ubao ulipumua. Sikuamini, nikarudia mpaka wenzangu wakadhani naumwa.

Vitabu vya sataranji vinalisema jambo hili, na nilishalisoma. Lakini mtu anaweza kusoma kitu miaka ishirini kikakaa kichwani tu kisishuke mkononi.

Leo ndiyo siku ya mwisho. Oyuna yuko mbele yangu kwa nusu pointi. Nikimfunga kiti ni changu. Tukitoka sare au nikifungwa, ni chake, na nadhani sitakipata tena. Sijui kama atanipa farasi. Sijui kama akinipa nitakuwa na moyo, kwa sababu kurudisha kunauma, wewe mwenyewe umesema ulikuwa na uchungu njia nzima.

Nilikuomba nikae peke yangu. Nimebadili mawazo. Njooni wote.

Mchezo utaonekana kwenye kompyuta ya Felista. Kwenu itakuwa saa kumi jioni.

Mwanao,
Dorkas


Itigi
13 Oktoba 2024

Mwanangu, Dorkas binti Mazengo,

Marahaba. Marahaba tena. Sisi ni wazima, ingawa jana kuna wakati sikuwa na hakika.

Naandika mimi mwenyewe, uvumilie mwandiko. Nataka nikueleze tulivyokuona, maana wewe ulikuwa ndani na hukujiona.

Felista aliitoa kompyuta nje kwenye kibaraza ili watu watoshe. Benchi lote la stesheni lilikuwepo, na wanawake wa soko la vitunguu, na mama yako kiti cha mbele na rozari ya kuazima, yeye Mwanglikana mzima. Hakuna hata mmoja wetu anayejua sataranji. Felista alikuwa anatuambia huyu ni nani na huyu ni nani, tukazoea.

Mlivyoanza tulikuwa tunaongea. Baadaye tukaanza kusogeza viti karibu na kompyuta. Mambo yalikuwa yanakaa kimya ubaoni muda mrefu, kisha kitu kimoja kinasogea, na ubao wote unakuwa mwingine. Sijawahi kuona watu wawili wakifikiri. Nimeona watu wakilima, wakipigana, wakizika. Kufikiri sikuwahi kukuona kwa macho mpaka jana. Niliogopa, Dorkas. Nilivua kofia, nikaona na wengine wamevua.

Ndipo farasi akaja. Hatukuhitaji Felista. Benchi zima lilimwona anaingia mlangoni kwako na Urbano akanishika mkono. Ukakaa. Ukakaa sana, mpaka watu wakasema mtandao umekata. Ukamla.

Mama yako akafunga macho. Malkia wa yule mama akaja, zile ngome zikaja, mfalme wako akasogea ukutani. Mimi nikasema moyoni, yaleyale ya Februari. Na wewe ukainua farasi wako mwenyewe, mzima, hajaguswa na mtu, ukampeleka mbele ya malkia wake ukamwacha pale.

Vijana wakapiga kelele kwamba umekosea. Ni Urbano aliyesimama. Alisema taratibu, "Mazengo, amerudisha ng'ombe."

Basi hapo nililia, na sioni haya kuliandika.

Yule malkia akamla. Sijui kama alitaka au alilazimika, Felista anasema asingemla angekufa kwingine. Lakini alipomla tu, wale wageni wote waliojaa uani kwako wakawa hawana kazi. Mkabaki na vitu sawasawa, na wewe ukawa na askari mmoja mdogo upande wa pili ambaye hakuna aliyekuwa akimtazama. Huyo ndiye tuliyemjua sisi watu wa drafti. Kete inayokwenda kuingia kingi haihitaji mkalimani. Kila alipopiga hatua benchi lilipiga hatua naye, na alipofika mwisho ukamfanya malkia, vitunguu vilirushwa juu kibaraza kizima.

Tukamwona yule mama akimlaza mfalme wake na kukupa mkono. Ile picha ndogo ya pembeni ilionyesha uso wake. Hakuwa na huzuni. Alikuwa anautazama ubao, si wewe, jinsi mimi ninavyotazama mvua ikija kutoka upande wa Manyoni. Mwanangu, huyo si adui. Umepata mtu wa kukutoa yote uliyonayo. Mimi nilimpata Urbano, na ni watu wachache wanaopata.

Asubuhi hii kabla sijanywa chai nimesikia kengele nje. Urbano huyo, anaswaga mtamba mmoja wa Mabaka, yule mwenye nyota kwenye paji la uso. Amemfunga kwenye nguzo yangu, akaniambia ni ndama wa ahsante, amechelewa kidogo. Nikamuuliza na mahari ya Calist je. Akasema wakwe wamekubali kusubiri, nao jana walikuwa kibarazani. Kisha akamkamata kuku. Nikamuuliza kwa nini, na safari hii Mgogo ameshinda. Akasema ndiyo maana amechukua tetea.

Sasa kiti umekipata. Utakwenda kukaa na bingwa wa dunia, na ushauri sina, hilo tulishamaliza. Nina swali tu la mfugaji. Ukionana na Oyuna kabla hamjaachana, muulize kama na kwao mtu aliyetunza mnyama wa mwenzake akamrudisha vizuri hupewa chochote.

Mama yako anasema urudi ule mlenda, umekonda kwenye picha.

Baba yako anayekushangaa,
Mazengo


Budapest
15 Oktoba 2024

Baba,

Shikamoo. Nimeisoma kwa sauti chumbani, peke yangu, mara mbili. Mpe Mzee Urbano shikamoo yangu na umwambie tetea yule ni halali yake.

Nilimkuta Oyuna kwenye kifungua kinywa, na chupa yake. Akanimiminia kikombe bila kuniuliza. Mwambie Mama inanyweka, inafanana na supu. Nikampa swali lako, nikalizungusha kwa Kirusi mpaka akalielewa. Akaacha kutafuna. Akaniuliza nani anauliza, nikasema baba yangu, anafuga. Akasema kwao, nyikani, hupewa. Akauliza na jina la ng'ombe, nikamwambia.

Jioni mtu akagonga mlango wangu. Ni yeye, amevaa koti la safari, gari linamngoja chini. Alikuwa amewaomba waandaaji wampe kete moja kutoka kwenye ubao wetu wa siku ile. Akaniwekea mkononi farasi mweusi, yuleyule niliyemla.

Nikaanza kumshukuru kwa zawadi. Akatikisa kichwa, akanifunga vidole juu ya farasi.

"Nimemwekesha tu," alisema. "Mtunze. Nitakuja kumchukua."

Ninaondoka Jumamosi, nakuja na treni kutoka Dar. Farasi yuko mfukoni.

Mwanao,
Dorkas